Bwana Yupi?

Maureen, uko?

Shangazi ya madam, yule mgeni, ameniletea kikombe cha maji meusi jikoni. "Kunywa, uache kelele za maombi." Nikasema siwezi, nimeokoka, Bwana asifiwe. Unajua alijibu nini?

"Bwana yupi?"

Akicheka! Bwana yupi!

Nikayamwaga kwa sinki. Hakukasirika. Aliniuliza tu jina langu la nyumbani, na mimi mjinga nikamwambia.

"Kasyoka? Si kwa Kikamba maana yake ni aliyerudi? Basi utarudi kwangu."

Ametoka, nimemfungia geti mwenyewe. Nyumba haina mtu. Lakini kuna sauti chumbani kwake inaniita Kasyoka, polepole, kama mama.

Siitiki, Maureen. Ninaimba tu.

Nirekodie pambio ulitume haraka. Sauti yangu inaisha.