Mwamba Alikoanguka Muthama

Jumanne, 4 Februari 2025
Baraza kwa chifu leo. Bwana Kimeu, afisa wa utalii, ametueleza mpango wa kaunti: njia ya kupanda mwamba, vyuma vya kushikilia kule juu, nyumba ndogo za wageni. Kina mama watapika, watauza vyondo, vikapu vyetu vya kusuka. Vijana watatembeza wageni. Watu wamepiga makofi. Mimi pia. Kazi hakuna hapa, nani atabisha?

Lakini mume wangu Muthama alianguka pale akifuata mbuzi. Tangu tumzike sijapanda.

Jumamosi, 15 Machi 2025
Wayua amepata kazi ya kutembeza wageni! Binti yangu, na vile amekaa nyumbani na cheti chake. Ameleta shati ya kaunti, akaivaa akajiangalia kwa kioo. Nimefurahi. Halafu nikaenda jikoni nikalia.

Alhamisi, 24 Aprili 2025
Bwana Kimeu amewaambia Wayua na wenzake, mgeni akiuliza kama kuna mtu amewahi kuanguka, waseme hapana. Ati wageni wataogopa, kijiji kizima kikose riziki. Si mtu mbaya. Alikuja matangani, akabeba jeneza.

Wayua hakula. Akaniuliza, "Mwaitu, nisimame pale niseme baba hakufia hapo?"

Nikamwambia kazi ni kazi. Mimi, mama yake.

Jumamosi, 3 Mei 2025
Wageni wa kwanza. Tumepika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, na kuku, sufuria zikabaki tupu. Ndinda, anayeuza vyondo soko la Nunguni, leo ameuzia wageni, hakurudi na hata kimoja. Sijaona kina mama wakicheka hivyo tangu ukame.

Huko juu mzee mmoja mgeni akauliza lile swali. Kanyiva, anayetembeza wageni pamoja naye, alikuwepo, ndiye amenisimulia. Wayua akajibu, "Baba yangu alianguka hapa. Aliitwa Muthama. Shikeni hivi vyuma." Yule mzee akavua kofia. Wengine wakarudi chini.

Bwana Kimeu amemwambia Wayua akae nyumbani mpaka aitwe.

Jumatatu, 5 Mei 2025
Kisimani wamenisalimia nusunusu. Ndinda akasema wazi: mtoto wako atatufungia biashara. Nikajitwika mtungi wangu nikaondoka.

Nimepanda mwamba peke yangu. Vyuma ni baridi, vimekaza. Nimeita jina la Muthama kwa sauti.

Sasa gari la kaunti limesimama hapo chini. Bwana Kimeu ameshuka, na yule mzee mgeni aliyevua kofia pia. Wayua ananiuliza avae ile shati au aache. Nimemwambia avae. Anafunga vifungo. Wacha nitoke naye —