Kwa Mwalimu Aliyeliliwa na Mwanangu

Mpendwa Mwalimu Neema,

Hujambo huko Njombe? Nasikia baridi yake inagonganisha meno. Sie hapa Mbagala wazima, jasho ndiyo lilelile. Nimeshika kalamu kwa jambo moja, na mie si mtu wa kuzunguka: nina wivu na wewe.

Unaikumbuka siku uliyoniita shuleni? Hawa kamng'ata mwenzie mkono, mara ya tatu wiki ile. Nikaja nimejifunga kanga mbili, fimbo mkononi. Darasa la pili limejaa, watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati, na wewe umekaa sakafuni na mwanangu kama dada yake. Ukainuka.

"Shikamoo, Mama Hawa. Hiyo fimbo tuiache mlangoni, itatusubiri."

Nikacheka bila kutaka.

Kisha ukanivuta pembeni, ukaniambia Hawa anaamini baba yake alituhama kwa sababu ya utundu wake. Nikauliza, "Nani kakwambia?" Ukasema, "Yeye mwenyewe, mama." Yeye mwenyewe! Mie niliyembeba tumboni, ninayelala naye kitanda kimoja, hajaniambia. Kakwambia wewe, binti usiyejua hata uchungu wa kuzaa. Nilikujibu "asante, Mwalimu" meno yote nje, huku moyoni natamani kukunyang'anya ile chaki.

Tulipofika nyumbani nikamkalisha. Nikamwambia baba yako kaondoka kwa mambo yake na mie, wewe huna kosa hata moja. Akanitazama. "Na Mwalimu naye kasema hivyo?"

Mwalimu, nilitoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Hakung'ata tena. Na sasa, si kwamba najisifu, ingawa najisifu, Hawa wangu ndiye msuluhishi wa darasa la tatu zima. Watoto wakigombania mpira wanamkimbilia yeye. Wateja wangu wa vitumbua wote wanajua, maana nawasimulia kabla hawajatoa hela. Ila kuna mama mmoja kila mara hunijibu, "Alipata mwalimu mzuri." Huyo nampaga kilichoungua.

Ulipohamishwa alilia siku mbili. Baba yake mwenyewe hakuliliwa hivyo. Nikasema haya, Mwalimu kaenda, sasa nitarudishiwa mwanangu.

Wiki iliyopita mtoto wa jirani kamchania daftari. Hawa kaingia ndani mbio, macho mekundu, ngumi kazikunja. Nikaacha mwiko, nikafungua mikono: "Njoo kwa mama." Yeye kasimama katikati ya chumba, kafumba macho, anavuta pumzi kwa pua, anaitoa taratibu kwa mdomo.

"Subiri, mama. Sijamaliza."

Nisubiri! Nikajua hiyo ni yako. Upo Njombe na bado unanitangulia mlangoni kwangu. Alipomaliza nikamuuliza, kwa sauti ambayo siisifii, "Ndiyo nini hiyo?"

"Ya Mwalimu Neema. Hasira ikija, unavuta pumzi kama unanusa chakula kinapikwa, halafu unapuliza kama unapoza uji."

"Chakula gani? Alikuwa anawapikia?"

Akacheka, akaniona mshamba. "Hapana, mama! Alisema kila mtu anuse cha kwao. Mie nanusa vitumbua vyako, vile vya iliki."

Nilikaa kwenye kigoda, kitumbua kimoja kikaungulia kwenye mafuta.

Kumbe kila alipotaka kung'ata mtu mule darasani, nilikuwemo. Wewe ulinitia mle, na siku ile ya fimbo hukuniambia, ukaniacha nichukie mwaka mzima.

Wivu bado ninao, usidhani umekwisha. Lakini iliki nimeongeza, hata wateja wameuliza kulikoni. Ukipata likizo njoo ule vikiwa vya moto. Ila ukifika unisalimie mie kwanza, ndipo umkumbatie yeye.

Ni mie mama yake,
yule wa fimbo mlangoni.