Moto mu kidonda ya Kaku

Mama,

Ukishuka ku train, bukari iko mu sahani, samaki njo iko chini ya kifuniko. Chakula ya Kaku usiipashe moto, infirmier wa hospitali alisema akule baridi tu. Funga mulango polepole.

Pardon, Mama. Leo asubui balimungoa Kaku meno moya, bakasema asivute tumbaku siku tatu. ~~Alivuta yeye mwenyewe.~~ Hapana. Minyi njo nilimupa. Unajua vile anavutaka, upande ya moto ndani ya kinywa, sawa vile marehemu bwana yake, Kaku mwanaume, alikuwa anavuta juu ya wagon ya train, ili upepo isizimishe. Akaniambia: "Mujukuu, mbanda yangu, muke-mwenzangu, lete. Bwana yetu akikosa kusikia harufu, hatajua tena njia ya nyumba." Nikacheka. Nikaleta. Moto ikaingia pale pa kidonda, damu ikatoka mingi, bitambaa tatu bikalowana.

Sasa damu imesimama. Lakini tumbaku nilitupa inje tangu saa kumi na mbili, na harufu bado iko mu chumba, inakaa ku kiti ya marehemu. Haitoke.

Kaku akaomba ingine. Nikakatala. Akasema: "Basi niache niende kumuomba bwana yetu mwenyewe." Akageukia ku ukuta, akalala.

Umupeleke kwa infirmier mapema. Uniform yangu iko ku kamba, uitoe mbele mvua ifike.

Usinitafute ku kitanda yangu. Niko chini, pembeni ya Kaku, namushika mukono asiende.

Mutoto wako,
Kyabu