Amina ya Mama Sifa

Mjukuu wangu Bahati,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Hapa Juru tuko wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi, na baba yako ametengeneza ile baiskeli.

Unauliza kwa nini uende kanisani, wakati huko Mbarara unaomba vizuri chumbani mwako. Ngoja nikuambie.

Tulipokuwa bado wageni katika kambi hii ya Nakivale, mbuzi wa jirani yangu, Mama Sifa, walikula maharagwe yangu yote. Sikumwambia neno. Nilingoja Jumapili nimweleze Mungu. Unajua sisi tunaomba wote kwa pamoja, kwa sauti, mpaka mchungaji apige kengele. Siku ile kengele sikuisikia. Watu walinyamaza, na mimi bado nalia, macho nimefumba: "Bwana, funga mbuzi ya Mama Sifa, ao umufunge yeye mwenyewe!"

Halafu nyuma yangu sauti moja ikaitikia, "Amina." Ilikuwa yake.

Nilitamani ardhi inimeze. Tulipotoka akanishika mkono: "Dada, unanishitaki kwa Mungu, na mimi niko hapa pembeni yako?" Tukacheka mpaka machozi. Kesho yake tulisokota kamba pamoja, na mbuzi wakafungwa.

Omba chumbani, mjukuu wangu, Mungu anasikia. Hata mimi angenisikia chumbani. Mama Sifa ndiye asingenisikia.

Bibi yako, ambaye sauti bado anayo