Fomu ya Ishirini na Mbili

Alhamisi, 6 Agosti 1987

Nimemaliza kupiga taipu fomu ishirini na moja za Matinyani. Ya ishirini na mbili nimeiba. Iko ndani ya kitabu changu cha hesabu, chini ya godoro. Sijamwambia mtu.

Niandike polepole, labda nitatulia. Baba ni mchungaji wetu hapa Matinyani, na huu ni mwaka wa nne anasomea udaktari wa huduma ya kanisa. Utafiti wake ni namna wachungaji wanavyotembelea wagonjwa nyumbani. Aligawa fomu kwa akina mama wa makanisa, kutoka Tseikuru mpaka Makindu. Fomu ni za Kikamba, hazina majina, ni namba tu. Zilikuwa ziende Nairobi kwa karani azitafsiri kwa Kiingereza. Karani akaolewa, akaacha kazi. Basi Baba akaleta nyumbani taipureta ya kanisa. Akasema mimi, Mbithe, nimesomea hiki kitu shuleni, nitafanya likizo.

Mama alikuwa ameshajaza yake.

Mwandiko wake naujua. Ndiye huniandikia barua shuleni. Swali la sita: Ulipougua, mchungaji alikuja kukuona? Amejibu: "Hajaja. Hajui. Nina uvimbe kwenye titi tangu Krismasi. Ana kazi kubwa, akimaliza nitamwambia."

Naandika Kiswahili kwa sababu Mama anasoma Kikamba tu.

Ijumaa, 7 Agosti

Leo nimemchungulia Mama kutwa nzima. Anainua debe la maji kwa mkono wa kushoto. Anatwanga mahindi ya muthokoi kidogo, anaacha, anajifanya anafukuza kuku.

Miezi nane. Likizo ya Aprili nilikuwa hapa hapa na sikuona kitu. Nilikuwa nimenuna kwa sababu ya sketi niliyonyimwa.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya ibada mzee mwenye duka alimtania Baba mbele ya watu wote. "Mchungaji, ukishakuwa daktari, huu mgongo wangu utaushughulikia, ama bado nitapanga foleni hospitali?"

"Mgongo peleka hospitali," Baba akasema. "Mimi niletee roho."

Watu wakacheka. Mama alicheka kuliko wote. Nilikichukia kicheko chake.

Baada ya chakula Baba akahesabu karatasi. "Mbithe, Matinyani nilipewa ishirini na mbili. Mbona hapa kuna ishirini na moja?"

"Moja ilikuwa tupu, Baba."

"Hata tupu inahesabiwa. Itafute."

Tarehe 24 atasimama mbele ya maprofesa huko Nairobi, aulizwe maswali. Wakimkubali, amemaliza. Wasipomkubali, hakuna mara ya pili.

Sijawahi kumdanganya Baba. Nilifikiri ni ngumu. Si ngumu.

Jumatano, 12 Agosti

Nimemwambia Mama kwamba najua. Alikuwa nyuma ya jikoni anasuka kikapu cha kyondo. Sikujua nianzie wapi. Nikasema tu, "Mwaitu, nimesoma fomu yako."

Mikono ikasimama. "Fomu gani? Hizo si zilienda Nairobi?"

Nikamweleza habari ya karani. Akakiweka kikapu chini, nikafikiri atanichapa. Kisha akasema, "Walituambia tujaze kama tuko mbele za Mungu. Sikujua Mungu atakutuma wewe."

Nikalia. Yeye hakulia. Akasema zimebaki siku kumi na mbili. Tangu Krismasi amevumilia, siku kumi na mbili ni nini? Baba akijua sasa ataacha kila kitu, na watu watasema ni mke wake aliyemwangusha. Akanitaka niahidi. Nikaahidi.

Na hili ndilo la aibu zaidi: nilifurahi. Kuambiwa ninyamaze ni rahisi kwangu. Ndiyo kazi ninayoijua.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimepiga taipu sura ya nne. Baba ameandika kwamba mgonjwa asiyelalamika ndiye wa kutembelewa kwanza. Nilimaliza ukurasa huo bila kosa hata moja. Amenisifu.

Kwenye kamba ya nguo kuna kitambaa cha Mama chenye doa la manjano. Limekataa kutoka. Uvimbe umepasuka. Anajipaka poda ya watoto na harufu bado iko. Mimi naisikia nikiwa mlangoni. Baba hasikii. Tangu Juni analala kwenye kiti, kichwa juu ya vitabu vyake.

Nimechoka na hii nyumba.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimevunja ahadi. Sikusema. Kusema siwezi. Asubuhi niliitoa fomu, nikaitafsiri, nikaipiga taipu kama zile zingine, nikaiweka mezani kwa Baba. Ile aliyoiandika Mama kwa mkono niliiweka juu kabisa, auone mwandiko. Kisha nikaenda kujificha chooni.

Nikasikia kiti kikisukumwa. Nikajua anaenda jikoni.

Hakwenda jikoni. Alikuwa ananitafuta mimi. "Umeipata! Mbithe, katika fomu zote hakuna kama hii. Huyu ni mama wa kanisa langu mwenyewe. Anaumwa hivi, na mimi sina habari!" Macho yalikuwa na machozi. Alikuwa anasikitika kweli. Kwa ajili ya mtu mwingine.

Hakuujua mwandiko. Wameoana miaka kumi na minane.

Akachukua baisikeli akamtafute huyo mama. Akapita mbele ya jikoni. Mama akamwuliza anaenda wapi na chai iko tayari. "Kuna mgonjwa," akasema. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Nikaipisha baisikeli ipite.

Namchukia mtu aliyesimama pale.

Ijumaa, 21 Agosti

Jana nyumba kumi na tatu. Leo alitoka tena kabla ya jua. Anabisha, anauliza, anaomba, anaenda.

Saa nne akaja Mama Kasyoka, mwenyekiti wa akina mama. Hata hakukaa. "Mama Mchungaji, bwana yako ameshikwa na nini? Ameniuliza habari za matiti mbele ya mkwe wangu! Nilitaka ardhi ifunguke!"

"Ni hayo masomo," Mama akasema. Wakacheka wote wawili. Mama Kasyoka alipofika njiani, Mama akakaa juu ya jiwe la kufulia, akakaa hapo muda mrefu. Aliniangalia mara moja tu. Alijua ni mimi.

Alasiri Baba alirudi akiisukuma baisikeli. Mama Kasyoka alikuwa amemtajia kwa majina wote waliojaza fomu. Ishirini na mmoja ameshawaona. Aliegemeza baisikeli ukutani, ikaanguka, hakuiokota. Akaingia jikoni.

Maneno sikuyasikia. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Kisha sauti ya Baba ikasema, "Kalekye." Ni jina la Mama. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo.

Jumatatu, 24 Agosti

Siku ya maprofesa. Baba yuko Nairobi, lakini hospitali, kwenye benchi, na Mama. Alituma neno kwamba hatafika mbele yao.

Mimi niko nyumbani na kuku. Sijui kuomba leo. Nimejaribu.

Jumapili, 30 Agosti

Walirudi jana. Ugonjwa umeshafika kwenye mapafu. Madaktari hawatampasua. Walimpa vidonge vya maumivu na bandeji, wakasema kidonda kioshwe asubuhi na jioni.

Leo mzee wa kanisa ndiye aliyehubiri. Baba alibaki. Anamwosha Mama mwenyewe, hataki mtu amsaidie. Maji yanamwagika sakafuni. Niliwaona pazia lilipopeperuka. Alianza kuomba, maneno yakamkatika katikati. Mama akamwambia, "Wacha tu. Kaa hapa." Akakaa.

Mama hajaniambia chochote kuhusu ile ahadi. Nikimpelekea uji anapokea. Leo alinishika mkono kidogo kabla ya kuchukua kikombe. Sijui maana yake.

Kuanzia tarehe sita mpaka tarehe ishirini ni wiki mbili. Mama alikaa kimya miezi nane, mimi wiki mbili. Baba alikuwa na daktari uso kwa uso, na sijamwuliza kama wiki mbili ni kitu. Pengine si kitu. Siulizi.

Shule inafunguliwa hivi karibuni. Hakuna aliyetaja nauli wala sanduku.

Kuna miguu uani. Ni Baba, anaburuta patipati. Mama amelala, kwa hiyo anakuja huku kwangu. Amefika. Amesimama nje ya mlango na habishi. Naficha daftari hili chini ya