Mtu wa Tatu Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo miezi kumi na moja tangu nitoke Kamachumu. Mwanangu ana miezi minane, sijamwona ila kwenye simu ya jirani. Ubatizo ni Jumapili hii. Mama yake, Rachel, ameshaahirisha mara mbili akinisubiri. Safari hii kasema Yakobo atabatizwa, baba awepo asiwepo. Simlaumu.

Nimemwomba ruhusa Ngosha, mwenye gereji hii ya Buzuruga. Kasema kazi nyingi, tutaona. Hiyo tutaona yake naijua.

Mchana likaingia gari, Altezza jekundu, limelala chini kama mjusi. Mwenyewe anaitwa Gosbert, Mhaya mwenzangu, mtu wa benki. Kafunga ringi pana nyuma, na tairi pana zake, zimejaa mpaka ukingo wa madigadi. Sasa zinakwangua. Anasema sauti yake ni kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Na Jumamosi anakwenda Muleba kupeleka posa!

Ngosha kamtania: nyinyi Wahaya hamnunui gari ili mfike, mnanunua ili muonekane mnafika. Gosbert kacheka. Ngosha akaninyooshea spana, akasema ila huyu Mhaya wetu alikuja na kiroba. Kweli, na kiroba chenyewe kilikuwa cha kuazima.

Muleba! Kutoka pale Kamachumu ni pua na mdomo. Nimebeba tairi jioni nzima na mgongo haujalalamika.

Jumanne, 5 Agosti

Tumelizungusha uwanjani, kimya. Ngosha kasema springi zimechoka. Nimezifungua mimi, nimeziosha mimi — nzima zote. Basi tukapaka chaki kwenye tairi za nyuma, upande wa ndani na wa nje, zikawa nyeupe kabisa. Panapokwangua, chaki itafutika. Tukaenda mimi na Ngosha mpaka Kisesa na kurudi. Chaki yote ipo.

Ngosha kasema gari limejiponea. Mimi naye tukaamini. Tulitaka kuamini.

Gosbert alipokuja kulichukua nikamweleza habari za ubatizo. Sikuzunguka. Kasema kiti cha nyuma kina nafasi. Ngosha kafikiri kidogo, kasema gari lenye miguu mipya lisiende mbali bila mtu wa gereji. "Likienda, unaenda nalo. Likibaki, unabaki nalo."

Ruhusa hiyo! Nimempigia Rachel. Kasema ataamini akiniona mlangoni.

Jumatano, 6 Agosti

Limerudi. Limekwangua, bega la tairi limechunika! Gosbert amekasirika kwa adabu, bila kupaza sauti. Ngosha ameinama chini ya gari mpaka shingo ikamkaza. Hajaona panapogusa.

Sijampigia Rachel.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Ngosha alimuuliza Gosbert jana aliendesha wapi. Njia ya Pasiansi, kuwachukua shangazi zake wawili kanisani, na shemeji wao. Wamekaa wapi? Nyuma, wote watatu. Ngosha akakaa juu ya tairi, akashika kichwa. Juzi siku nzima sisi tumezunguka na gari tupu! Nyuma hapakuwa na mtu. Bodi haikushuka. Tairi lingegusa nini?

Tukapaka chaki upya. Kisha tukamwendea Mama Precious, anayetuuzia wali na dagaa, tukamwomba akae nyuma na wateja wake wawili. Kauliza kwa nini tumemchagua yeye. Ngosha akamfungulia mlango. "Semeni tu mnatafuta mzito," kasema, akavua kanga ya kazi, akajifunga nyingine ya safari. Mteja mmoja aliingia na sahani yake.

Tuta la kwanza la barabarani tu — krrr! Mama Precious akapiga kelele kwamba wamempata mwizi. Tukashuka kutazama. Upande wa ndani chaki nyeupe. Upande wa nje imefutika mstari mzima, pale penye mdomo wa bati chini ya madigadi. Kumbe mdomo huo ndio unaoling'ata tairi, bodi ikishuka.

Ngosha kasema kesho tunaukunja. Nimelala na moyo mwepesi.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane.

Wengine sikukuu, sisi kazi. Mdomo wa bati haukunjwi kwa nyundo, rangi itapasuka. Tumeumwagia maji ya moto, tukapitisha mti mrefu wa mviringo kati ya tairi na bati, tukalisukuma gari taratibu mbele na nyuma mpaka bati likalala. Mti wenyewe ni mchi wa Mama Precious. Kasema tukiurudisha unanuka grisi, dagaa tutapika wenyewe.

Jaribio. Wawili nyuma: matuta yote, chaki nzima! Watatu nyuma: kwenye tuta, inagusa. Kidogo, lakini inagusa. Tumerudia. Ni vilevile.

Ngosha kajifuta mikono, hakunitazama. Kasema wawili ruksa, watatu hapana, tairi litapasuka njiani. Kurudisha ringi za zamani haiwezekani, Gosbert alishaziuza mpaka Geita. Mbele anakaa baba yake mkubwa, Ta Rwehumbiza, ndiye msemaji wa posa. Nyuma shangazi wawili. Wa tatu ni mimi.

Tumekuwa siku tano tukitafuta kinachokwangua. Ni mimi.

Nikaanza kukusanya spana. Gosbert akachuchumaa kando ya tairi na suruali yake safi. Akauliza kwenye lami tambarare je? Ngosha kasema hapo haigusi, ni matuta tu. Gosbert kanigeukia.

"Venant, unaweza kutembea?"

Nikamwambia miguu yangu haijafanya kazi nyingine mpaka leo.

Jumamosi, 9 Agosti. Bwanga, mchana.

Naandikia gotini. Tumetoka alfajiri. Daraja la Busisi halina tuta hata moja, nimelivuka nimekaa kama bwana harusi, ziwa huku na huku! Baada ya hapo, kila kijiji matuta manne, matano. Kila tuta Gosbert anasimama, nashuka, gari linapanda, natembea, naingia. Watoto wa Sengerema walidhani nimefukuzwa. Ta Rwehumbiza anatazama saa.

Baada ya Geita, Ma Dorotea, yule shangazi mkubwa, akanishika mkono nikiwa nafungua mlango.

"Wewe unakwenda kumwona mwanao. Mimi nakwenda kula ndizi za watu. Kaa."

Akashuka yeye. Mdogo wake akamfuata, asitembee peke yake. Nikabaki nyuma peke yangu, naona aibu, na raha pia. Kila tukisimama natazama tairi. Chaki bado nyeupe kama ya asubuhi.

Lakini Ma Dorotea hatembei tuta bila kusalimia. Hapa Bwanga kamkuta muuza mananasi, wameulizana ukoo, kumbe ni watu wa nyumba moja. Sasa wamekaa. Ta Rwehumbiza ameshuka kumwita, naye kapewa kigoda. Gosbert anapiga honi kidogo kidogo, kwa adabu. Posa jioni, ubatizo kesho misa ya kwanza, na mbele yetu Biharamulo yote na matuta yake.

Nimempigia Rachel. Kasema atauacha mlango wazi.

Ngosha nilimwahidi nitarudi Jumatano. Hapo sikujua Ma Dorotea ana ndugu kila tuta. Tuseme Alhamisi.