Wateja Wako Wamekuwa na Adabu

Mama,

Wateja wako wamekuwa na adabu. Najua hutaamini. Hakuna tena anayegonga meza kwa kijiko, wala anayeniita kwa "psss" kama anafukuza kuku. Wanaingia polepole, wanavua kofia, wanaanza na bonjour. Tonton Bosco wa toleka, yule aliyekuwa akiegesha baiskeli yake ya abiria mlangoni mwetu mpaka watu waruke gurudumu ndipo waingie, sasa anaiegesha ng'ambo ya barabara. Ulimkaripia sana kwa ajili ya baiskeli ile. Ungekuwepo ungefurahi siku moja, halafu ungeanza kuogopa.

Mimi niliogopa tangu siku ya kwanza.

Nikueleze kwa utaratibu, maana hukupenda mtu anayeanza habari katikati.

Siku uliyoanguka ulikuwa unakaanga samaki. Daktari alisema ni tension, mshipa wa kichwani ulipasuka. Kikaango kilikufuata chini na mafuta yakakumwagikia mikono yote miwili. Tulipokupakia kwenye pikipiki, mikono yako ilikuwa wazi, malengelenge yamejaa mpaka kwenye viwiko. Mtaa wote wa Kabondo uliona mikono. Kikaango hakuna aliyekiona. Na siku zile redio ilikuwa haizungumzi kitu kingine ila ugonjwa wa vipele. Kabla hatujafika hospitali, mtaa ulikuwa umekwisha kukupima na kutoa majibu.

Uliporudi nyumbani ukiwa umefunikwa, wale wanawake wanaoosha maiti katika mtaa wetu hawakuja. Mmoja aliumwa mgongo. Mwingine alisema ana mtoto mchanga. Wa tatu alituma salamu. Mama Mudogo Salima alifunga kitenge chake vizuri kiunoni akasema, "Basi, ni ndugu yangu. Tutamuosha sisi." Yeye aliosha, mimi nikamimina. Kulia kwanza, kisha kushoto, kama alivyonielekeza. Tulipofika kwenye mikono nilifumba macho, nikamimina kwa kusikiliza tu sauti ya maji. Nisamehe, Mama, kama yalikuwa mengi mno au machache.

Sikujua kwamba habari hiyo nayo ingetoka nje ya ukuta wetu.

Matanga yalipokwisha, Mama Mudogo alifungua tena malewa yako, watu wakaja kula. Alipika lituma kama wewe, labda ndizi zake za kuponda zinabaki na vidonge kidogo, lakini pondu yake ya majani ya muhogo ni nzuri. Mimi nilirudi kwenye kazi yangu: nikitoka shule navua uniforme, nachukua birika na beseni, nazunguka meza kwa meza kuwanawisha watu. Ulinifundisha nisitazame uso wa mtu anayenawa, nitazame mikono tu, asije akaona haya kwa uchafu wake. Kwa hiyo nawajua wateja wetu kwa mikono kuliko kwa majina. Mikono ya Tonton Bosco ina grisi ya mnyororo kwenye kucha. Mafundi wa mbao wana makovu madogo meupe. Yule mama mwenye mwavuli, anayetoka ofisini, huvua pete yake na kuiweka kwenye ukingo wa sahani.

Siku ya kwanza nilianza na Tonton Bosco. Zamani, kama nilichelewa, alipiga kelele mpaka jikoni: "Zaina! Maji yenu inakuja na boti ama?" Na wewe ulimjibu bila kugeuka: "Inakuja na baiskeli yako, njo maana inachelewa!" Watu walicheka, naye alicheka kuliko wote. Sasa alinitazama nikija, akaweka mikono yake chini ya meza.

"Acha tu, mutoto yangu. Nimenawa kwetu."

Grisi niliiona.

Akatoa kijiko mfukoni mwake, akala lituma kwa kijiko. Mama, nani anakula lituma kwa kijiko? Nikaenda kwa mafundi. "Merci, merci, dada, usijisumbue." Nikaenda meza ya dirishani. "Non merci, maman." Maman! Mimi, wa miaka kumi na sita. Nilizunguka malewa yote na nikarudi jikoni na birika limejaa vilevile kama nilivyotoka nalo. Hakuna aliyenitukana. Hata mmoja.

Yule mama mwenye mwavuli alisema ana haraka, akaomba chakula chake kifungwe. Alinishukuru mara mbili. Alinipa pole, akasema wewe ulikuwa mtu wa maana. Jioni nilipokwenda kumwaga majivu nilikuta mbwa kwenye mtaro wanagombania mfuko. Nilikitambua kifurushi kwa fundo, kwa sababu nilikifunga mwenyewe.

Unakumbuka ulivyokasirika siku ile mtu alipokula nusu ya samaki, kisha akairudisha eti inanuka? Ulimwambia, "Samaki hainuke nusu!" Ulikuwa unasema wazungu wameandika kwamba mteja ni mfalme, lakini kwako mteja ni mgeni mwenye njaa, na mgeni naye ana adabu yake. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani adabu ni kusema merci, kutoongea kwenye simu wakati mtu amekushikia birika, kutotema maji nje ya beseni. Sasa nimeona watu wakifanya hayo yote vizuri kabisa, na kila siku nimerudi nyumbani na maumivu ambayo wale wakorofi hawakuwahi kunipa. Ningempata mtu wa kunipigia "psss" ningekimbia.

Watu wakapungua. Wiki baada ya wiki, benchi moja, kisha jingine. Mama Mudogo alinunua ndoo yenye robine ya kufungulia maji akaiweka mlangoni, kila mtu ajinawishe. Kisha akaniita nyuma ya jiko. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Zaina, chakula hawaogope. Wanaogopa mikono yako. Ubaki huku nyuma, usionekane."

Mikono yake pia ilikuosha, Mama, lakini mtaa umechagua yangu, kwa kuwa ndiyo inayosogea karibu na yao. Akaniambia kwamba kama mambo hayatabadilika atafunga, arudi Barumbu kwa mumewe kwenye biashara ya samaki, na mimi niende naye. Masomo tungeona huko. Unajua maana ya "tutaona huko." Nimebakiza mwaka mmoja na kidogo tu. Nikakaa nyuma, nikamenya ndizi. Nilikuwa nasikia adabu yao kupitia ukutani.

Alhamisi iliyopita Mama Mudogo alikwenda sokoni kutafuta mafuta ya mawese, akaniachia sufuria. Ndani walikuwa Tonton Bosco na mafundi wawili. Nikasikia mzigo unatupwa chini, puu, na sauti ya mwanamke:

"Eh! Humu watu wananawaka na mate?"

Nilichungulia. Mama mnene, wa kutoka Isangi, ameshuka kwenye boti asubuhi hiyo na magunia yake ya samaki wa moshi. Alikuwa ameketi katikati ya benchi, miguu imetandazwa, anajipepea kwa ukingo wa kitenge.

"Maji iko pale, mama," fundi mmoja akamwonyesha ndoo.

"Ile robine? Mimi nimebeba gunia tangu port, nisimame tena nijinawishe kama mutu hana watu? Mwenye nyumba iko wapi? Psss! Weye! Mutoto wa mulango! Nimekuona!"

Nilitoka. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaificha nyuma. Tonton Bosco aliinama kwake akasema kwa sauti ya chini, lakini malewa yetu ni ndogo:

"Mama, pole. Huyu mutoto njo alioshaka maiti ya mama yake. Ile ugonjwa."

"Mafuta," nikasema. "Ilikuwa mafuta ya moto." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele yao.

Yule mama alinitazama, kisha akamgeukia Tonton Bosco.

"Alimuosha mama yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye, siku yako, nani atakuosha?"

Fundi mmoja akaanza kukohoa.

"Mutoto, leta maji. Na upesi, njaa inaniua."

Nilileta birika. Alinyoosha mikono yake juu ya beseni, mikono mipana, yenye mikato ya magamba na moshi ulioingia kwenye mistari ya viganja. Nikamimina, nikamwaga nje. "Unanyeshea magoti yangu!" akapiga kelele. "Hii ni mvua ama kunawa?" Nikamimina tena. Hakuiondoa mikono yake. Aliisugua polepole, akaigeuza, akanawa mpaka kwenye viwiko, halafu akaikung'uta na kunirushia matone usoni. Kisha akasema lituma imepoa. Akasema pilipili yetu ni ya watoto. Aliniita mara nne, nadhani, na kila mara kwa "psss", na alipomaliza alifuta vidole kwenye pazia, lile pazia lako, Mama, ambalo ulikatakata watu kwa maneno kwa ajili yake.

Nilienda nyuma ya jiko nikalia mpaka nikakaa chini.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yamekwisha. Mama wa Isangi amekwisha kupanda boti. Mafundi hawajarudi. Jana Tonton Bosco alikuja, akaketi, hakutoa kijiko. Nilimpelekea birika ingawa Mama Mudogo alikuwa ananitazama. Aligeuza uso kwenye ukuta, kama mtoto anayechomwa sindano, akanyoosha mkono mmoja. Mmoja tu. Nikamimina juu ya huo mmoja. Mama Mudogo hakuniambia nirudi nyuma. Kuhusu Barumbu bado hajasema ndiyo wala hapana.

Mama, nakuaga hapa, jiko linahitaji kuwashwa. Mungu akupe nafasi pana ulipo, na mikono yako isiume tena.

Ninakuahidi hili: kesho nitatoka na birika. Atakayenyoosha mikono nitamnawisha, hata akinitukana. Atakayeificha nitasimama mbele yake kidogo, ajue kwamba nimemwona, halafu nitakwenda kwa anayefuata.

Mtoto wako,
Zaina